Miguu Minane, Tabia Mbalimbali: Kubadilisha Valvu za Nguvu Katika Amplifaya ya Gitaa

Mara nyingi kurasa za jarida hili huwa na mashairi, mafumbo na hadithi fupi, nami huzisoma zote hadi jalada la nyuma. Leo lakini naomba nafasi niwaeleze jambo la ufundi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kiswahili chetu kina uwezo wa kueleza namna vilivyoundwa, si kuvisifu tu vikielea.

Chombo chenyewe ni amplifaya ya gitaa, ile ya zamani inayotumia valvu badala ya transista. Vitabu huiita kikuzasauti, ila mafundi na wanamuziki husema amplifaya, nami nitawafuata hao. Swali langu ni hili: valvu za nguvu zikizeeka, na za aina ile ile zikakosekana au bei yake ikawa haishikiki, je, mtu anaweza kuchomeka za aina nyingine? Jibu fupi ni kwamba mara nyingine anaweza, lakini si kwa kuchomeka tu. Jibu refu ndilo makala haya.

Huenda ukasema, "Mimi sina gitaa wala amplifaya, hayo hayanihusu." Subiri kidogo. Hesabu utakazozikuta humu ni za volti, ampea na wati, zile zile tunazofanya katika somo la fizikia. Na funzo lake linahusu kila kitu cha stima: kitu kuingia katika tundu si ushahidi kwamba kinafaa kuwa humo.

VALVU NI NINI?

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa ndani. Mwingereza John Ambrose Fleming aliunda ya kwanza mwaka 1904, ikiwa na sehemu mbili tu. Sehemu moja, kathodi, hupashwa moto hadi elektroni zinaanza kuiruka. Ya pili, anodi, huwa na chaji chanya, kwa hivyo huzivuta elektroni hizo. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaweka katikati yao kijiwavu kidogo kinachoitwa gridi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Gridi ikipewa volti hasi huzizuia elektroni; hasi ikipungua, huziachilia zipite kwa wingi. Kwa hiyo mtikisiko mdogo sana kwenye gridi huleta mtikisiko mkubwa kwenye anodi. Ndiyo kukuza sauti kwenyewe huko!

Gridi basi ni kama bawabu wa lango. Bawabu mwenyewe ni mtu mmoja, lakini akiinua kidole umati mzima unapita, na akikunja uso umati mzima unasimama.

Katika amplifaya ya gitaa kuna valvu za aina mbili. Zile ndogo hupokea sauti hafifu kutoka kwa gitaa na kuitia nguvu kidogo kidogo. Zile kubwa, ambazo ndizo valvu za nguvu, hufanya kazi ya mwisho ya kuisukuma spika. Aghalabu huwa mbili au nne, na hufanya kazi kwa zamu kama akina mama wawili wanaotwanga kinu kimoja: huyu akiinua mchi, yule anashusha. Baina ya valvu hizo na spika kuna transfoma nzito ya chuma na shaba. Nitaiita transfoma ya spika, ili tusiichanganye na ile nyingine inayopokea stima ya ukutani, ambayo nitaiita transfoma ya stima. Zishikeni hizi mbili akilini, kwa maana ndizo roho ya chombo. Valvu ikiungua, hununuliwa nyingine. Transfoma ya miaka hamsini iliyopita ikiungua, pa kuipata ni shida kweli kweli.

MAJINA YAO

Valvu za nguvu zina majina yanayofanana na nambari za magari, lakini yana maana. 6L6 ilitolewa na kampuni ya RCA ya Marekani mwaka 1936. Ile 6 ya mwanzo inaonyesha kwamba uzi wake wa joto hutumia karibu volti 6, yaani 6.3 kamili. Mdogo wake ni 6V6. Waingereza wakatoa KT66 mwaka 1937. EL34 ni ya Ulaya, na kwa mpango wa majina wa huko E pia ni uzi wa volti 6.3, na L ni valvu ya nguvu. Halafu wako wale majitu, 6550 ya Marekani na KT88 ya Uingereza, waliozaliwa katika miaka ya 1950.

Hawa wote wana kitako cha aina moja: cheusi, chenye nafasi ya miguu minane na kijiti cha katikati kinachohakikisha huwezi kuiingiza vibaya. Basi hapo ndipo mtego ulipo. Ukizipanga mezani utadhani ni watoto wa tumbo moja. Soketi ya mmoja humpokea mwingine bila ubishi. Lakini wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake.

KISA CHA MARSHALL

Kabla ya kuingia katika hesabu, nitawasimulia kisa cha kweli kitakachotuonyesha njia. Katika mtaa wa Hanwell, jijini London, kulikuwa na mpiga ngoma aitwaye Jim Marshall aliyekuwa na duka la ala za muziki. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake waliunda amplifaya yao ya kwanza kwa kuufuata mchoro wa Fender Bassman, amplifaya ya Marekani iliyokuwa ghali kuiagiza Uingereza. Ile ya Marekani ilitumia 5881, ambayo ni ya ukoo wa 6L6. Marshall walianza na hizo hizo, wakahamia KT66, na kufikia 1967 EL34 ndiyo iliyokuwa valvu yao ya kawaida. Sababu haikuwa uchawi wa sauti: EL34 zilikuwa zikitengenezwa hapo hapo Ulaya, zinapatikana kwa urahisi.

Katika miaka ya 1970 gurudumu likazunguka tena. Amplifaya nyingi za Marshall zilizopelekwa Marekani ziliwekwa 6550 badala ya EL34, kwa kuwa msambazaji wa huko alitaka valvu imara zaidi. Kwa hiyo hata leo mtu anaweza kukutana na Marshall mbili za mwaka mmoja, sura moja, moja ikiwa na EL34 na nyingine ikiwa na 6550.

Sasa sikilizeni jambo la maana. Zile za 6550 hazikuchomekwa tu valvu nyingine zikafungwa sandukuni. Ndani yake rezista kadhaa zilibadilishwa pia, hasa zile za kuipa gridi volti yake hasi. Kiwanda chenyewe, kilichokichora na kukiunda chombo, hakikuthubutu kubadilisha valvu bila kubadilisha mazingira yake. Sisi ni nani tuthubutu?

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Kutokana na kisa hicho nimejifunza kwamba yapo maswali matano. Ukiyajibu yote, unaweza kubadilisha. Ukikwama kwa moja, acha.

Swali la kwanza: miguu imeunganishwaje? Mguu wa 2 na wa 7 ni wa uzi wa joto, wa 3 ni anodi, wa 4 ni gridi ya skrini, wa 5 ni gridi ya kuongoza, na wa 8 ni kathodi. Hapo 6L6 na EL34 wanakubaliana. Ugomvi uko kwenye mguu wa 1. Katika 6L6GC ya kioo mguu huo haujaunganishwa na kitu ndani. Katika EL34 umeunganishwa na gridi ya tatu, ambayo inatakiwa ifungwe pamoja na kathodi, yaani mguu wa 8. Sasa katika amplifaya nyingi za Fender, mafundi wa kiwandani waliona mguu wa 1 hauna kazi, wakautumia kama kigingi cha kushikia rezista inayokwenda kwenye gridi ya kuongoza. Ukichomeka EL34 humo bila kuzisogeza waya hizo, gridi ya tatu itapokea sauti na volti hasi ambazo si zake. Lakini amplifaya iliyotengenezewa EL34 tangu mwanzo haina tatizo hilo ikipewa 6L6GC, maana mguu usio na kitu ndani haujali umefungwa wapi.

Swali la pili: uzi wa joto unakula kiasi gani? Wote wanatumia volti 6.3, lakini ulaji wao ni tofauti. 6V6 hula ampea 0.45. 6L6GC hula 0.9. KT66 hula 1.3, EL34 hula 1.5, na 6550 na KT88 hula 1.6 kila mmoja. Tuseme amplifaya iliundiwa 6L6GC mbili: 0.9 mara 2 ni ampea 1.8. Ukiweka EL34 mbili unahitaji ampea 3.0. Zimeongezeka 1.2, na zote zinatoka kwenye transfoma ya stima ile ile. Zikiwa valvu nne, ongezeko ni ampea 2.4. Transfoma haina mdomo wa kulalamika. Hulalamika kwa joto, kisha kwa harufu, na mwisho kwa moshi. Kinyume chake hakina hatari hiyo: kutoka EL34 kwenda 6L6GC ni kuipunguzia transfoma mzigo.

Swali la tatu: valvu inaweza kustahimili volti na joto kiasi gani? Anodi ya 6V6GT imepewa kikomo cha karibu wati 14 za joto, EL34 wati 25, 6L6GC wati 30, na 6550 wati 35. Vikomo vya volti navyo hutofautiana. Kuichukua 6V6 na kuiweka mahali palipoundiwa 6L6GC, eti kwa sababu miguu inafanana, ni sawa na kumpa mtoto wa chekechea gunia la mahindi la kilo 90 abebe.

Swali la nne: bayasi ni ngapi? Hili ndilo swali kubwa, kwa hivyo nitalipa sehemu yake hapa chini.

Swali la tano: transfoma ya spika inaonyesha mzigo gani? Spika ni ya omu 4, 8 au 16, lakini valvu haipendi mzigo mdogo hivyo. Transfoma ya spika ni kama gia za baiskeli: huubadilisha mzigo mdogo wa spika uonekane mkubwa kwa valvu. Katika maelezo ya watengenezaji, EL34 mbili hufanya kazi vizuri kwa mzigo wa karibu omu 3,400. 6L6GC mbili kwenye volti 450 hupendekezewa omu 5,600. 6V6 mbili kwenye volti 285 hupendekezewa omu 8,000. Ukipanda mlima kwa gia isiyofaa, baiskeli inaenda, lakini magoti yatakuambia.

Kuna ujanja mmoja halali hapo. Ikiwa transfoma inaonyesha omu 3,400 spika ya omu 8 ikiwa kwenye tundu lililoandikwa 8, basi spika ya omu 16 katika tundu lile lile itaonekana kama omu 6,800. Mzigo umekuwa maradufu bila kufungua parafujo hata moja.

BAYASI: INJINI IKIWA STEJI

Mmeiona matatu ikiwa imesimama steji ikingojea abiria. Haiendi popote, lakini injini inanguruma. Mngurumo ule ukiwa mdogo mno, dereva akikanyaga mafuta gari linakohoa na kurukaruka. Ukiwa mkubwa mno, mafuta yanaisha bure na injini inachemka kabla safari haijaanza. Bayasi ni mngurumo huo wa steji. Ni kiasi cha mkondo unaopita katika valvu wakati hakuna anayepiga gitaa.

Mkondo huo huongozwa kwa volti hasi kwenye gridi. Hasi ikizidi, mkondo unapungua na sauti inakuwa kavu na ya kukwaruza. Hasi ikipungua, mkondo unaongezeka, na ukivuka mpaka utaona anodi yenyewe, lile bati la ndani, ikigeuka nyekundu. Uzi wa joto kung'aa ni kawaida. Anodi kung'aa ni kilio. Zima mara moja!

Kila aina ina hasi yake. EL34 huhitaji hasi ndogo kuliko 6L6GC, na 6L6GC ndogo kuliko 6550. Maana yake ni hii: ukitoa EL34 na kuchomeka 6L6GC au 6550 bila kugusa bayasi, valvu mpya itapewa hasi isiyotosha, itafungulia mkondo kama bomba lililopasuka, na itaungua. Ukifanya kinyume, kuiweka EL34 mahali pa 6L6GC, itapewa hasi kupita kiasi na italala usingizi. Haitaungua, ila sauti itakuwa mbaya.

Sasa hesabu. Mafundi wengi huweka valvu ikiwa imetulia isizidi asilimia 70 ya kikomo chake. Kwa EL34, asilimia 70 ya wati 25 ni wati 17.5. Ikiwa anodi ina volti 450, tunagawanya 17.5 kwa 450 tunapata ampea 0.039, yaani miliampea 39. Kwa 6L6GC, asilimia 70 ya 30 ni 21. Tukigawanya kwa 450 tunapata karibu miliampea 47. Si hesabu ngumu hata kidogo.

Je, utaupimaje mkondo huo? Fundi hulehemu rezista ya omu 1 kati ya kathodi na ardhi ya chombo. Kwa Sheria ya Ohm, volti ni mkondo mara ukinzani. Ukinzani ukiwa 1, basi milivolti 39 kwenye mita ni miliampea 39 kwenye valvu. Nilipolielewa hilo mara ya kwanza niliipenda Sheria ya Ohm kuliko nilivyowahi kuipenda ubaoni.

AMPLIFAYA YA MJOMBA

Haya yote sikuyaokota hewani. Mjomba wangu hupiga gitaa katika bendi ya harusi, na amplifaya yake ni ya kale, ya Kiingereza, yenye EL34 mbili. Ndiyo jembe lake. Karo ya binamu zangu inatoka humo. Mwaka jana valvu zake zilichoka, sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Zimekuwa ghali tangu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoivuruga biashara ya valvu kutoka Urusi, ambako nyingi hutengenezwa. Rafiki yake aliyetoka ng'ambo akamletea zawadi ya 6L6GC mbili mpya. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi kulikuwa na harusi.

Tulizipeleka kwa fundi mmoja mzee, aliyezianza kazi hizi enzi za redio za valvu. Mjomba akamwambia, "Mzee, si miguu ni ile ile minane? Tuchomekee twende."

Mzee akazitazama, akazirudisha kwenye boksi. "Mwanangu," akasema, "funguo ngapi zinaingia tundu la mlango wako na hazifungui? Na hii, ikikataa kufungua, inachoma nyumba."

Mjomba hakufurahi. Harusi ni pesa. Lakini mzee hakubadili msimamo, na kazi yangu mimi ikawa kumshikia tochi na kuandika vipimo kwenye daftari. Alizitoa valvu zote mbili, akawasha, akapima gridi: volti 38 hasi, na kiduara cha kurekebishia kilikuwa kimefika mwisho. Anodi, valvu za zamani zikiwa ndani, ilikuwa na volti 440. "Kwa hasi hii," akasema, "hizi zako zingekuwa nyekundu kabla bwana harusi hajashuka garini."

Basi aliibadilisha rezista moja katika ugavi wa bayasi, ya kilo-omu 220, akaweka ya kilo-omu 150, ili hasi iweze kushuka zaidi. Alipoweka zile rezista za omu 1 kwenye kathodi, alianza na hasi kubwa kabisa, kisha akaipunguza pole pole huku akitazama mita. Alisimama kwenye miliampea 40. Nilizidisha mwenyewe: 0.040 mara 440 ni wati 17.6, chini ya asilimia 60 ya kikomo cha wati 30. Nikamuuliza mbona hakufika asilimia 70. Akanijibu kwamba stima ya ukutani haitulii, siku nyingine hupanda, na valvu iliyoachiwa nafasi hudumu. Mwisho, kwa kuwa sanduku la spika la mjomba ni la omu 16, aligeuza swichi ya nyuma ikae kwenye 8, ule ujanja wa gia nilioutaja.

Kazi hiyo ilimalizika Jumatatu. Harusini mjomba alipiga kwa amplifaya ya transista ya kuazima, akanung'unika usiku kucha. Lakini transfoma zake zote mbili zingali nzima, na karo ya muhula huu imelipwa.

NA SAUTI JE?

Wenzangu hupenda kuniuliza kama sauti imebadilika. Wanamuziki wengi husema EL34 husikika zaidi katika sauti za kati na huanza kukwaruza mapema kwa namna ya kupendeza; 6L6 husemwa kuwa safi zaidi na yenye besi pana; 6550 husemwa kuwa ngumu na hukawia kukwaruza. Nimesikiliza ya mjomba, na nakubali kwamba besi imekaza kidogo.

Lakini msidanganywe kuhusu ukubwa wa sauti. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, nguvu hutakiwa iongezeke karibu mara kumi. Kutoka wati 50 kwenda 60 ni tofauti ambayo mtu wa harusini hataitambua. Kwa hiyo anayebadilisha valvu ili apate sauti kubwa zaidi anajisumbua, na huenda anaitia hatarini transfoma yake kwa jambo ambalo spika nzuri ingemtimizia.

HATARI ISIYOONEKANA

Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko pote. Ndani ya amplifaya hizi kuna kapasita kubwa zinazohifadhi zaidi ya volti 400. Ukichomoa waya ukutani, kapasita hazijui kwamba umechomoa. Zinaweza kubaki na chaji kwa muda mrefu, na chaji hiyo inaua. Stima ya nyumbani kwetu ni volti 240, nasi twajua inavyofanya. Hii ni karibu maradufu.

Mzee yule kabla ya kugusa chochote alizimaliza chaji hizo kwa rezista kubwa yenye waya zilizofunikwa vizuri, kisha akapima kwa mita kuhakikisha zimefika sifuri. Alipokuwa akipima chombo kikiwa kimewashwa, mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, ili stima isipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Alivaa viatu vya raba, na sakafu ilikuwa kavu. Na hakuiwasha amplifaya hata mara moja bila spika, kwa sababu transfoma ya spika ikikosa mzigo inaweza kujichoma yenyewe.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, usifungue chombo hiki peke yako. Kujua si sawa na kuwa na mkono wa fundi. Kazi yako ni kujua maswali, ili fundi akikuambia "hii inaingia tu," uweze kumuuliza kwa adabu: mguu wa 1 umefungwa wapi? Uzi wa joto unahitaji ampea ngapi? Anodi ina volti ngapi? Bayasi umeipima? Na transfoma ya spika inaonyesha omu ngapi? Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa. Yule mwingine atakasirika, nawe utakuwa umejua pa kutopeleka chombo chako.

Alhasili, valvu zinaweza kubadilishwa, na zimebadilishwa tangu miaka ya 1960 na wenye viwanda wenyewe. Kinachotakiwa ni kupima kwanza, kuhesabu pili, na kuchomeka mwisho. Wengi wetu huanza na la mwisho. Haraka haraka haina baraka, na penye volti 440 haina hata nafasi ya kujuta.

Kalamu yangu naiweka chini hapo. Mwenye swali anione wakati wa mapumziko ya saa nne, daftari lenye vipimo ninalo. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu